S. bin Nani?

Jumatatu, 3 Machi

Masika bado. Mawingu yamekaa juu ya Uluguru tangu asubuhi na hayataki kushuka. Sisi tumeanza kugombana hata kabla ya mvua.

Ugomvi wenyewe ukimweleza mtu wa nje atacheka. Yohana, mwenzangu wa hapa ofisini, anataka Kabati lionyeshe kila kitu. Mimi nataka limwonyeshe mtu vitu vyake tu, basi. Kabati ni programu yetu ya mafaili, ile unayoifungua kwenye simu ili uone picha ziko wapi na sauti ziko wapi. Simu zetu hizi zinaendeshwa na Linux, mfumo uleule wa kompyuta za hapa ofisini, kwa hiyo ndani yake mna mafolda ya mfumo yenye majina ya ajabu ajabu: bin, sbin, etc, dev. Mtu akiyagusa vibaya simu inakufa. Mimi nasema yafichwe. Yohana anasema simu ni ya mtu, na mtu hafichwi vilivyomo ndani ya nyumba yake.

"Nyumba yake, sawa," nikamwambia. "Lakini nyaya za umeme si zimefichwa ukutani? Nani anataka kulala nazo kitandani?"

"Zikianza kuungua humo ukutani, utajuaje?"

Kaka huyu katoka Njombe na baridi lake. Hapandishi sauti hata akikukera, na hicho ndicho kinachonikera zaidi. Nimefunga kompyuta nikaenda kutafuta futari.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda Mlali, kijijini kwa mama. Saumu, jua la utosi, na vumbi la bodaboda. Mama nimemkuta palepale nilipomkataza mwaka jana, kwenye majaruba yake ya mpunga pale mto unapokata kona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na king'ora chako?"

Hajasahau, na hakuna aliyesahau. Mwaka jana tulifunga king'ora juu ya paa la mashine ya kusaga ili kionye watu maji yakishuka kutoka mlimani. Waya ukaleta hitilafu, kikalia mchana kweupe, watu wakakimbia na watoto mgongoni, na maji hayakuja. Tangu siku hiyo kitu chochote kinachopiga kelele bure Mlali kinaitwa Mwanvita. Jogoo akiwika saa isiyo yake, "Mwanvita huyo." Mtoto akilia bila sababu, "Nyamaza, we Mwanvita." Nami ndiye Mwanvita mwenyewe. Huwa nacheka nao, kisha nalia kwenye bajaji wakati wa kurudi mjini.

Mwaka huu tumebadilisha. Huko juu mlimani yupo Hamza, analima karibu na mto, na tumepaka alama nyekundu kwenye jiwe. Maji yakifika kwenye alama anabonyeza simu yake. Mtandao wa kule hauwezi kubeba sauti, unabeba ujumbe mfupi tu, basi ujumbe ule ukifika kwenye simu ya Mlali, simu ya Mlali inapiga sauti iliyohifadhiwa ndani yake kupitia spika la paani. Wala si king'ora tena. Ni sauti ya mtu.

Mtu mwenyewe ni Mzee Said bin Issa, mwenye mashine ya kusaga. Ndiye anayepita Ramadhani nzima kuamsha watu wale daku, kwa mdomo wake, bila ngoma. Huanza hivyohivyo kila siku: "Mimi Said bin Issa! Nawaambia amkeni!" Mama anasema kuna miaka alimchukia kwa sauti ile, lakini hajawahi kumsikia akaendelea kulala.

"Said nikimsikia natoka," akaniambia, amesimama na jembe lake kwenye tope. "Huyo hajawahi kuniamsha bure."

Nilimwelewa vizuri sana.

Jumanne, 11 Machi

Joto. Mzee Said anajirekodi, anafuta, anajirekodi tena. Anasema sauti ya mwenye njaa haitoki vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Mzee Said kapiga simu wakati niko sokoni nanunua tende, watu wananisukuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimefungua hili Kabati lenu. Mbona humu ndani mmejaza wana wa watu?"

"Wana gani tena?"

"Kuna bin. Halafu kuna sbin. Hii bin ya kwanza ni ya nani? Haina mtoto wala baba."

Nilicheka mpaka muuza tende akaniangalia. "Hizo za mfumo, mzee, achana nazo. Wewe hamishia sauti yako kwenye folda lenye jina lako. Nimekuwekea tayari."

"Lenye jina langu."

"Eeh."

"Basi nimeliona. Mngemalizia tu jina, lakini si neno."

Akakata. Nimemsimulia Yohana, naye hakucheka. Kasema tu, "Unaona? Mtu anataka kujua." Nikamjibu kwamba mtu anataka kupumzika.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza, ya nusu saa. Harufu ya udongo mpaka ndani ya ofisi.

Jumamosi, 22 Machi

Leo majaribio. Hamza akabonyeza huko juu, nasi tumesimama chini ya paa la mashine tunasubiri kama wanaosubiri mwezi uandame. Simu ikawaka nyekundu. Spika likakohoa, kisha: "Mimi Said bin Issa! Nawaambia amkeni! Maji yanashuka, tokeni mtoni!"

Nywele zilinisimama. Mzee mwenyewe alikuwa kando yangu, mdomo amefunga, akisikiliza sauti yake ikipita juu ya mashamba. Na huko chini nikamwona mama ananyanyua mgongo, anatupa jembe begani, anapanda. Alipofika aliambiwa ni majaribio akamtukana Said tusi moja zuri la utani, na Said akafurahi.

Nimefurahi mimi pia, bila kificho. Inafanya kazi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau kwa mama. Mzee Said alikuja kutupa mkono wa Idi na shali shingoni kwenye joto lote lile. Sauti imekwaruza. Anasema ni daku tu, mwezi mzima wa kupiga kelele. Mkewe, Bi Mwanaasha, akaniambia pembeni kwamba kuna uvimbe kooni tangu kabla ya mfungo, na kwamba alikataa kwenda hospitali mpaka Ramadhani iishe, kwa sababu nani angeamsha watu.

Mama alikuwa anajua. Kila mtu alikuwa anajua isipokuwa mimi. "Una kazi nyingi," mama akasema, "tukakuficha usihangaike." Nimekasirika mpaka pilau likanishinda.

Ijumaa, 4 Aprili

Simu ya Hamza ilikufa jana, na mvua ilinyesha kutwa. Kutwa nzima hatukuwa na mtu wa kutuambia mto ukoje! Hamza kashuka nayo leo kaifunga kwenye mfuko wa nailoni, uso umemshuka.

"Umegusa nini, Hamza?"

"Nilitaka nafasi ya picha, dada. Nikafuta lile folda la etc."

"Kwa nini etc?"

"Si ni na kadhalika? Shuleni walitufundisha, etc ni na kadhalika. Nikasema hivi ni vikorokoro tu, vya maana vitakuwa vimeandikwa majina."

Sikuweza hata kumgombeza, maana kwa Kiingereza cha shuleni yuko sahihi kabisa. Lakini folda lile ndilo linaloweka mipangilio yote ya simu. Nikamgeukia Yohana.

"Ungekuwa umelificha, angelifuta?"

"Asingelifuta," akasema. "Sawa, Mwanvita. Ficha."

Nimeshinda. Simu ya Hamza tumeifufua, na nimeanza kuandika toleo jipya jioni hiihii.

Jumatano, 9 Aprili

Toleo jipya limetoka. Kabati sasa lina mafolda matatu tu: Picha, Sauti, Ripoti. Safi, jeupe, hata mama angelipenda. Yale ya mfumo huyaoni hata uchungulie vipi. Toleo hili halitii viraka. Linang'oa sehemu yote ya mfumo wa simu na kuweka mpya, vitu vya mtu linaviacha. Linateremka lenyewe kwa mtandao polepole, likimaliza linasubiri, na siku simu ikizimwa na kuwashwa ndipo linaanza kazi.

Yohana aliliangalia akasema ni zuri. Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na mimi nikatamani angebisha.

Jumamosi, 12 Aprili

Mzee Said amepasuliwa. Uvimbe umetoka, na sauti imeondoka nao. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi, na kwa sasa hata kunong'ona asijaribu. Tumemkuta hospitali, kakaa kitandani na bendeji shingoni, macho yanacheka. Alinyoosha kidole juu, kama kwenye spika la paani, kisha akajigonga kifuani.

Bi Mwanaasha akatafsiri. "Anasema asiwe na wasiwasi mtu. Sauti yake ipo kwenye simu."

Mama alitoka nje akalia. Sijamwona akilia tangu baba afariki.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Simu ya Mlali imeanza kuteremsha toleo jipya.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Mama hapokei simu, yuko shambani anapalilia. Nimemwandikia asikae kwenye kona ya mto. Kajibu herufi moja, K.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Yohana kaenda kanisani, mimi niko peke yangu ofisini. Mvua imenyesha kutwa bila kupumua na mlima hauonekani kabisa, kama vile haujawahi kuwepo. Toleo limemaliza kuteremka kwenye simu ya Mlali. Linasubiri kuzimwa tu.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Paneli ya sola ya Mlali haijaona jua siku kadhaa, chaji inashuka. Mama bado analima kona.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, kama yalivyotokea.

Asubuhi nilikuwa nasoma ripoti ya simu ya Mlali. Nilikuwa natafuta habari za chaji tu. Ripoti inaonyesha pia sauti ya onyo imehifadhiwa wapi, nami sijawahi kuusoma mstari ule kwa sababu nilijua jibu. Leo nikausoma. Haikuwa kwenye folda lenye jina la Mzee Said. Ilikuwa ndani ya sbin.

Nililiangalia neno lile bila kuelewa, kisha nikalisikia. Nililisikia kwa sauti yake, kwenye simu, sokoni: mngemalizia tu jina. S. bin. Said bin. Mzee alifungua Kabati, akaona limeandikwa mwanzo wa jina lake, akadhani tumeliacha bila jina la baba, akahamishia sauti yake humo. Folda nililomwekea mimi lilikuwa ndani zaidi na hakuwahi kulifikia. Na Yohana alikuwa ameacha Kabati na ruhusa zote, mtu aweke anachotaka popote, kwa hiyo simu ilipokea bila kuuliza, na siku ya majaribio ikaipiga kutoka humohumo.

Na toleo langu linang'oa sehemu yote ya mfumo. Simu ikizimwa na kuwashwa, sbin nzima inaondoka na kilichomo. Sauti ile haina nakala, alihamisha, hakunakili. Na mwenye sauti hana sauti.

"Yohana!" Nilipiga kelele mpaka wa duka la jirani wakatoka. Nikamwonyesha mstari. Alisoma, akajishika kichwa, akaanza kujaribu kulisimamisha toleo kutoka huku ofisini. Mtandao wa Mlali ulikuwa unakuja na kukatika. Mimi nikampigia Bi Mwanaasha.

"Bi Mwanaasha, shikamoo, simu ya spika msiizime! Msiizime kabisa!"

"Haloo? Mwanvita? Hujasikika, sema tena."

"Simu ya spika! Msiizime!"

Mvua ilikuwa inapiga bati lao, naisikia kwenye simu kama mahindi yanayomiminwa kwenye ndoo. Akasema, "Haya, nimekusikia," na laini ikakata. Nikashukuru Mungu. Nikachukua bodaboda hivyohivyo na koti la Yohana.

Barabara ya Mlali ilikuwa imekatika sehemu moja, maji ya rangi ya chai yanapita juu yake. Yule wa bodaboda akakataa kuvuka na sikumlaumu. Nilivua viatu nikavuka kwa miguu, nikatembea kilichobaki. Nilifika kwenye mashine ya kusaga nimelowa mpaka mfupa. Bi Mwanaasha alikuwa mlangoni, ananisubiri na kanga kavu.

"Nimeizima," akasema.

"Umefanyaje?"

"Simu. Nimeizima kama ulivyosema. Si umenipigia? Umesema 'simu ya spika, izime,' mara mbili. Nikasema labda ni radi."

Msiizime. Mtandao ulikuwa umemeza mwanzo wa neno ukambakishia mwisho. Nilikaa chini kwenye pumba za mahindi. Bi Mwanaasha hakuwa na kosa hata moja, alikuwa amesimama na kanga mkononi anashangaa kwa nini simshukuru.

Nikaiwasha. Ilichukua muda mrefu kuliko kawaida, na nilijua kwa nini. Kisha Kabati likafunguka, jeupe, safi. Picha, Sauti, Ripoti. Nikagusa Sauti. Ikaandika: "Hakuna kitu hapa."

Sentensi hiyo niliiandika mimi. Nilibishana na Yohana kuhusu maneno yake, nikitaka yawe ya upole. Nikatafuta mahali pa kuchungulia zaidi ndani, pengine kuna mabaki, pengine kuna chochote, na hapakuwa na mahali, kwa sababu nilipafunga mimi na nikajivunia nilivyopafunga. Niliichukia simu ile. Nilijichukia mimi.

Hapo ikawaka nyekundu. Hamza kabonyeza.

Spika la paani likakohoa, kisha likanyamaza. Tulisubiri wote wawili, mimi najua halitasema. Nikatoka mlangoni nikaangalia chini. Watu walikuwa wametawanyika kwenye mashamba, migongo imeinama, na kule kwenye kona ya mto nikaiona kanga ya mama, ile ya njano.

Nilianza kukimbilia shambani. Mkono ukanikamata bega. Mzee Said, aliyesharuhusiwa kurudi nyumbani, bendeji shingoni, shuka mabegani, katoka kitandani. Hakuuliza kitu, alilisikia spika limekohoa na halisemi. Alinivuta ndani, akafungua amplifaya, ile inayokula betri ya gari, akachomeka maiki anayotumia kutangazia misiba. Bi Mwanaasha akamshika mkono, "Daktari kakukataza, Said, koo litafunguka!" Akamwondoa taratibu, kama mtu anayeondoa paka mezani.

Akaweka maiki mdomoni. Kilichotoka kule juu kilikuwa pumzi tupu, upepo unaokwaruza. Mimi niliyekuwa karibu yake ndiye niliyesikia maneno: Mimi Said bin Issa. Nje haikufika hata nusu yake. Akajaribu tena, macho yakamtoka machozi ya maumivu, kisha akanisukumia ile maiki.

Sikutaka. Niandike ukweli wangu hapa, sikutaka. Jina langu Mlali ni la kelele za bure. Mtu wa mwisho ambaye wangemtii ni mimi.

Akanong'ona tena, nami nikarudia nyuma yake. "Ni Said bin Issa! Anawaambia tokeni! Maji yanashuka!" Kupitia mlangoni nikaona wengine wananyanyua migongo, wanaangalia paani, wanaangaliana. Mmoja alicheka, niliyaona meno. Mama hakunyanyuka. Mzee akanong'ona neno jingine nami sikulisikia tena, nilikuwa naiangalia kanga ya njano, na kilichotoka mdomoni mwangu hakikuwa tangazo. "Mama! Mama toka! Mama naogopa, toka, maji yanakuja, nakuomba, mama!" Sauti ilipasuka. Ikapanda juu ya paa ikatawanyika mashamba yote, kilio cha mtoto, na wala sikuona haya.

Ile kanga ikanyooka. Ikasimama. Kisha ikaanza kupanda, na watu wote wakaanza kupanda nyuma yake.

Maji yalifika mama yuko nusu ya mteremko. Hayakuja na kishindo nilichokitarajia. Yalikuja na magogo na majani, mazito, yakaichukua kona yote, mpunga, kibanda na jembe la akiba. Mama alifika juu, akageuka, akatazama palipokuwa shamba lake. Kisha akaninyang'anya ile maiki, maana nilikuwa bado nimeishika.

Hakuna mtu aliyekufa. Naandika tena kwa sababu nataka kuiona sentensi hiyo: hakuna mtu aliyekufa.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumelala kwa Bi Mwanaasha. Mzee Said karudishwa hospitali asubuhi, koo limevuja damu kidogo, wanasema atapona.

Mama alikuwa anakaanga maandazi ya watu wote waliokosa pa kulala. Nikamuuliza alitoka kwa ajili ya nani.

"Said nilimsikia anapumua pumua," akasema. "Nikajiuliza, mgonjwa huyu anatafuta nini kwenye spika. Sikutoka. Kisha ukaja wewe unatangaza, nikasema, haya, Mwanvita huyo. Nikaendelea kupalilia."

"Halafu?"

"Halafu ukaogopa." Aligeuza andazi. "Wewe mwanangu siku zote ukiniletea habari unanisafishia kwanza. Mama usiwe na wasiwasi. Mama kila kitu kiko sawa. Hata baba yako alipokuwa mahututi ulinisafishia. Jana hukunisafishia. Nikajua maji yapo."

Nilikula andazi la moto likaniunguza ulimi. Nampenda mama yangu na sijui kama amewahi kunisikia nikisema.

Jumapili, 27 Aprili

Yohana kaja Mlali na mkate na sukari. Nilimsubiri aseme "nilikwambia". Hakusema. Nikamgombeza kwa kutosema.

"Ningesemaje?" akauliza. "Mimi ndiye niliyeacha ruhusa wazi. Ningekuwa nimefunga, sbin ingemkatalia, angekupigia akuulize."

Tumekaa kwenye magunia tukabishana kwa mara ya kwanza bila kutaka kushinda. Mafaili ya mfumo yataonekana. Yote, na ubaya wake wote. Lakini hakuna mtu atakayeweza kuweka wala kufuta humo kwa bahati mbaya, na chini ya kila jina tutaandika kwa Kiswahili ni nini na ni la nani. Nimependekeza mimi yaonekane. Yohana alinitazama kama naumwa.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua, lakini ya kiungwana. Nimekwama kwenye kueleza dev kwa maneno manne.

Jumamosi, 10 Mei

Mlali. Mlima umeonekana wote leo, na makovu mekundu ubavuni. Mama kapewa kipande cha kulima juu, na analalamikia udongo wake tangu asubuhi.

Mzee Said ameanza kutoa sauti. Si ile. Hii ni nyembamba, ina kokoto ndani, na daktari anasema ndiyo hiyo. Nilimpa simu yenye Kabati jipya. Akalisoma polepole, akipitisha kidole, mpaka akafika kwenye sbin. Chini yake tumeandika: Folda la mfumo, si la mtu.

"Kwa hiyo S si mimi," akasema.

"Si wewe, mzee."

"Na baba yake nani?"

"Hana baba. Ni jina tu."

Alifikiri. "Na mnamwacha hivyohivyo. Bin, halafu kimya." Akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akacheka mpaka akashika koo, na Bi Mwanaasha akatufokea sote wawili.

Akalitafuta folda lake mwenyewe. Safari hii liko juu kabisa, na jina lote, na la baba yake pia. Tukarekodi. Hakutaka kusubiri sauti ya zamani, alisema watu waizoee hii waliyonayo. "Mimi Said bin Issa," akasema kwa kokoto zake, "nawaambia tokeni." Kisha akanisukumia maiki kama siku ile.

"Na wewe."

"Mzee, watacheka."

"Sema."

Nikasema, "Na mimi Mwanvita." Sikuongeza kitu. Tukaipiga kwenye spika la paani tusikie inavyotoka. Wanawake walikuwa kwenye foleni ya kusaga, wanaongea, na jina langu likapita juu ya vichwa vyao. Nilisubiri kicheko.

Mmoja wao alinyanyua ndoo yake ya mahindi akaniangalia. "Dada, tuondoke," akauliza, "au ni majaribio?"

"Majaribio," nikamwambia.

Akasema haya, lakini ile ndoo hakuitua.